Satelaiti mpya imeshapaa, sasa sisi wa Dodoma tunaingia wapi?

Kila ikirushwa satelaiti mpya magrupu ya WhatsApp huku kwetu yanachemka. Hii ya NISAR, ambayo Marekani na India waliirusha pamoja tarehe 30 Julai 2025, ndo imezidisha, maana mtu mmoja anaandika kwamba sasa tutaonyeshwa maji yalipo chini ya ardhi kwahiyo yale mambo ya kuchimba kisima halafu kinatoka kikavu yameisha, mwingine anasema hapana hizo ni za kutupeleleza, wa tatu anauliza kuziangalia ni shilingi ngapi kwa mwezi, na hakosekani mzee wa kusema ndo hizo hizo zinazofukuza mvua. Ukienda kutafuta ukweli unakutana na maelezo ya kitaalamu ambayo hata aliyesoma anakata tamaa mstari wa pili.

Ngoja tulifungue hili fundo taratibu. Katikati ya hizo kelele kuna jambo moja ambalo karibu hakuna anayelizungumza na kwa maoni yangu ndo la maana kuliko yote kwetu: wanaotengeneza hizi satelaiti huwa wanatafuta watumiaji kabla hazijarushwa, miaka kabla, wanakaa nao, wanawapa data za mfano wafanyie mazoezi, wanawasikiliza wanakwama wapi. Hao wanaoingia mapema, siku data halisi inaanza kushuka wao wanaiweka kazini. Sisi wengine siku hiyo ndo tunaanza kuulizana faili linafunguliwa na programu gani.

Kwanza tuelewane ni satelaiti zipi

Lile dishi la king'amuzi juu ya bati lako linaangalia satelaiti iliyoko kilomita kama 36,000 kwenda juu, imekaa palepale saa zote ndo maana fundi akishalifunga hulisogezi tena. Za intaneti ni kundi jingine, kazi yake kubeba mawasiliano. Hizi tunazozungumzia hapa ni za kuangalia dunia, zinapita chini zaidi, nyingi kati ya kilomita 600 na 800, NISAR yenyewe iko kilomita 747, zinazunguka zikipita karibu na ncha za dunia huku dunia nayo inajizungusha chini yake, na mzunguko mmoja ni kama dakika mia hivi. Kwahiyo haikai juu ya Chamwino ikikutazama wewe. Inapita, inapima, inaenda zake, unasubiri zamu nyingine. Landsat moja, zile za Marekani, inarudi palepale baada ya siku 16, Sentinel-2 za Ulaya zikifanya kazi mbili kwa pamoja ni kila siku 5, NISAR mzunguko wake unajirudia kila siku 12. Anayesema kuna mtu ofisini huko Marekani anaona ng'ombe wako wanavyokunywa maji saa hizi anakutania, na ile picha ya nyumba yako unayoiona kwenye Google Earth inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma, tarehe yake huwa imeandikwa pale chini, sema hatuiangaliagi.

Na kinachoshuka kutoka huko ni namba. Ardhi inagawanywa vipande vya mraba vinavyoitwa pikseli, kila kipande kinapewa namba yake, kimerudisha mwanga mwekundu kiasi gani, kina joto gani, kina unyevu gani. Ukubwa wa hicho kipande ndo unaoamua kitakufaa au hakitakufaa. Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30, kwenye ekari moja zinaingia kama nne na nusu. Ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, hapo ekari moja inakupa kama 40, unaanza kuona na kona ya shamba iliyokauka peke yake. Lakini kuna satelaiti inaitwa SMAP ya kupima unyevu wa udongo, kipimo chake cha msingi ni kilomita kama 36 kwa 36. Jiji la Dodoma zima, ukijumlisha na Hombolo huko na Mpunguzi huku, kwa eneo linajaza pikseli kama mbili tu. Sasa mwenye ekari tatu za mtama akiambiwa "satelaiti inaonyesha udongo una unyevu" ana haki ya kuuliza, unyevu wa wapi?

Namba inavyoweza kukudanganya

Chukua ile ramani ya ukijani ambayo kila mradi unaipenda kuiweka kwenye ripoti. Jani lenye afya linanyonya mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, na linarudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Satelaiti inapima yote mawili, inalinganisha, inapata namba moja, namba ikipanda kuna majani mengi mazima, ikishuka kuna kitu. Hesabu yenyewe ni kutoa, kujumlisha na kugawanya, mtoto wa sekondari anaiweza kabisa.

Haya ipeleke Kongwa mwezi wa pili. Shamba la mtama lililopaliliwa vizuri lina udongo mwingi mtupu kati ya mistari, shamba la jirani lililotelekezwa limejaa magugu mpaka kiunoni, na kwenye ramani la jirani ndo linang'aa kijani. Mtu aliyekaa na kompyuta mbali huko anaandika kwamba hapa kuna mavuno mazuri na hapa kuna shida, kinyume kabisa. Bwana shamba wa kata angeiangalia dakika moja akacheka. Tena kwelea kwelea wakishuka kwenye mtama unaokaribia kuvunwa wanamaliza punje na majani wanayaacha vilevile, kwahiyo ramani inabaki na rangi yake nzuri na wewe gunia halijai.

Tatizo jingine ni mawingu. Landsat na Sentinel-2 zinategemea mwanga wa jua unaogonga ardhi na kurudi, wingu likikaa katikati utaona wingu. Na mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza kama Desemba hivi mpaka Aprili, yaani miezi ileile ambayo mazao yako shambani na unataka kuyaona ndo miezi ya mawingu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba anga jeupe, picha safi kabisa, safi za mashamba matupu. Hapo ndo rada inapoingia. Satelaiti ya rada inatuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza yanavyorudi, kwahiyo inaona usiku na inaona kupitia mawingu. Sentinel-1 ya Ulaya imekuwa ikifanya hivyo tangu 2014, inafaa sana kuonyesha maji ya mafuriko yamefika wapi wakati mvua bado ipo, na sisi ambao reli ya zamani kipande cha Kilosa mpaka Gulwe imesombwa na maji mara nyingi tu tunajua maana yake. NISAR imebeba rada mbili, ya Marekani mawimbi yake ni marefu, sentimita 24 hivi, yanapenya majani na matawi madogo, ya India ni mafupi zaidi, na zote zinatumia antena moja ya mita 12 iliyofunguliwa huko huko angani. Ukizirudia vipimo vyake mara kwa mara unaweza kugundua ardhi imezama au imeinuka kwa sentimita chache.

Ila picha ya rada ukiifungua mara ya kwanza unaona kijivu chenye chengachenga, huelewi mlima ni upi na bati ni lipi. Inataka mazoezi. Na mazoezi yanataka muda, ndo tunafika kwenye kiini.

Watumiaji wa mapema ni nani hasa

Watu wengi wakisikia "mtumiaji wa mapema" wanafikiri ni yule aliyejisajili wa kwanza kwenye tovuti. Hapana. Huyu ni mtu au taasisi yenye kazi yake tayari, anatoa tahadhari ya njaa, anasimamia bwawa, anakadiria mavuno, anakata bima ya mazao, anaambiwa: satelaiti hii itaruka miaka ijayo, itapima hiki, data zake zitakuwa za umbo hili, chukua hizi za mfano, zijaribu kwenye kazi yako halafu utuambie. Data za mfano zinatengenezwa kwa modeli za kompyuta, au kwa kuchukua za satelaiti za zamani zinazofanana, au kwa kufunga kifaa cha aina ileile kwenye ndege na kuruka nacho. Kwa NISAR walitumia rada ya NASA, shirika la anga la Marekani, inayofungwa kwenye ndege ndogo, inaitwa UAVSAR.

Ukijenga nyumba unamwonyesha fundi umeme soketi zikae wapi kabla ya plasta. Ukishapiga plasta na rangi ndo unakumbuka friji halina pa kuchomeka, hapo ni kuchimba ukuta au kuishi na ekstensheni inayopita sebuleni miaka yote. Satelaiti ikishapaa huwezi kuishusha ubadilishe antena, hilo limeshapita. Lakini kuna mambo mengi bado yanabadilika mpaka karibu na kurushwa na hata baada ya hapo: data zitoke baada ya saa ngapi, faili liwe kubwa kiasi gani, liwe tayari limekaa kwenye ramani au mtumiaji ahangaike mwenyewe, maelezo yaandikwe kwa mtu wa aina gani, eneo gani lipimwe mara nyingi zaidi. Hizo ndo soketi zenyewe. Anayeuliza mapema anawekewa.

SMAP ndo satelaiti ya kwanza ya NASA kuwa na mpango rasmi wa namna hii, na habari yake inanifurahisha kwasababu haikwenda kama ilivyopangwa. Ilirushwa tarehe 31 Januari 2015. Miaka kadhaa kabla ya hapo walishawakusanya watu wa idara ya kilimo ya Marekani, wa kilimo wa Canada, wa kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa na wengine, kila mmoja na swali lake. Satelaiti ilikuwa na vifaa viwili, kimoja kinasikiliza mawimbi hafifu yanayotoka kwenye udongo wenyewe, kinapima vizuri ila kwa vipande vikubwa vile vya kilomita 36, na kingine ni rada ya kusaidia kuvipasua hivyo vipande viwe vidogo. Julai 2015, miezi isiyofika sita tangu irushwe, rada ikafa. Haikufufuka mpaka leo.

Sasa hebu fikiria wewe ni mtu wa kilimo uliyeahidiwa ramani yenye vipande vidogo, umepanga kila kitu, halafu unaletewa taarifa hiyo. Kwa mtumiaji wa kawaida hapo hadithi imeisha. Lakini hawa walikuwa wameshazoea zile data za vipande vikubwa wakati wa mazoezi, wanajua zinawafaa kwa lipi na haziwafai kwa lipi, wana namba za simu za wanasayansi wenyewe, wakasema wanachohitaji. Baadaye zikatolewa data zilizoboreshwa zikagawanywa kwenye vipande vya kilomita 9, na nyingine zilizochanganywa na rada ya Sentinel-1 ya Ulaya ili kuziba pengo. Idara ya kilimo ya Marekani mpaka leo inatoa ramani za unyevu wa udongo wa mashamba yao kwa kutumia SMAP. SMAP inapima sentimita kama 5 tu za juu za udongo, na hilo nalo ni jambo la kulijua mapema, maana mizizi ya mtama inashuka chini zaidi ya hapo, juu pakavu haimaanishi mmea umekufa.

Hapohapo nitoe na dukuduku langu. Watu huwa wanasema huu mpango unalipa hela. Haulipi. Watumiaji wa mapema wa NASA hawapewi fedha, wanapewa data za mfano, wanapewa watu wa kuuliza, basi, muda na mishahara wanajigharamia. Kwa taasisi ya Marekani hilo sio tatizo kubwa, kwa ofisi ya halmashauri ambayo gari lake la ugani linasubiri mafuta ni tatizo kubwa sana, na nadhani hapa waandaaji hawajajiuliza vya kutosha kwanini orodha zao zimejaa majina kutoka nchi zilezile. Mlango kuwa wazi ni jambo moja, nauli ya kufika mlangoni ni jambo jingine.

Mfano wa mvua ya Nala na Ihumwa

Kila anayeishi huku anaujua huu mchezo: Ihumwa inanyesha mpaka mitaro inajaa, Nala vumbi. Siku ya pili kinyume. Mvua yetu haiji kama shuka, inakuja kwa vipande.

Sasa kuna bima za mazao zinazolipa kwa kuangalia kipimo badala ya kutuma mtu shambani kukagua. Wanakubaliana mapema: mvua ikishuka chini ya kiwango fulani kwenye eneo lako tunalipa. Kipimo mara nyingi kinatoka kwenye data za mvua za satelaiti kama CHIRPS, ambazo zinachanganya joto la mawingu kutoka angani na vituo vya mvua vya ardhini, zinaanzia mwaka 1981, na pikseli yake ni kilomita kama 5. Wazo ni zuri, linapunguza gharama na ubishi. Lakini ndani ya kilomita 5 kwa 5 kuna mashamba mamia, kama wingu limemwaga upande mmoja wa pikseli na wewe upo upande mwingine, mtama umekauka na kompyuta inasema mvua ilitosha. Hulipwi. Unatoka hapo unasema bima ni wizi na satelaiti ni uongo, unawaambia majirani, mwaka unaofuata hakuna anayekata.

Hiki kitu kinatengenezeka, ila kabla. Kama wakulima wa Bahi au Chamwino wakikalishwa chini wakati bima inaundwa, wakaulizwa miaka mibaya mnayoikumbuka ni ipi, wakalinganishwa na namba za tangu 1981, mara moja utaona mwaka gani namba zinawakubali na mwaka gani zinawakataa. Wazee wanakumbuka njaa kwa majina, mwaka kwa mwaka. Na watakuambia jambo jingine ambalo jumla ya mvua ya msimu hailionyeshi, kwamba shida ya Dodoma mara nyingi sio mvua kuwa ndogo, ni kukatika katikati, Februari hivi, mtama ukiwa unataka kubeba. Msimu unaweza kufikisha milimita zake 550 au 600 na watu wasivune. Anayetengeneza kipimo bila kuambiwa hivyo atapima jumla, atakosea.

Tuliwahi kuona kwa macho yetu kitu kilichopangwa bila kuuliza, ni ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa. Wameanza 1947 na matrekta na maturubai, wamekuta mvua haitabiriki na udongo ukikauka unakuwa kama saruji, 1951 wamefunga, pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Wagogo waliokuwa wanaishi pale walikuwa wanajua mvua yao na udongo wao muda wote huo. Haikuwa siri.

Turudi kwenye maswali ya grupu

Maji ya chini ya ardhi: hakuna satelaiti inayoona kisima chako kitakuwa wapi. Kuna satelaiti za GRACE zinazopima mvuto wa dunia ukibadilika kwa sababu ya uzito wa maji, ila zinaona maeneo ya mamia ya kilomita, zinaweza kusema ukanda huu umepoteza maji, haziwezi kusema chimba chini ya mbuyu ule. NISAR inaweza kuonyesha ardhi inashuka pale maji yanapovutwa sana, na hilo kwa mji unaotegemea visima vya Makutupora sio dogo. Pale Makutupora kuna kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950, wanasayansi wamezichambua wakaona maji ya chini yanajazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98, misimu ya kawaida inaongeza kidogo sana. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni chache Afrika nzima. Yaani sisi tuna kitu ambacho wenye satelaiti wanakitamani, cha kulinganishia vipimo vyao.

Utabiri: hizi satelaiti zinapima kilichopo, kutabiri ni kazi ya modeli na ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao data za satelaiti ni mojawapo ya malighafi zao. Ukiona ramani ya unyevu usiitangaze kama mvua ya wiki ijayo. Na hapana, hazifukuzi mvua, nyingi zinapokea tu, na zile za rada mawimbi yake yakifika ardhini ni hafifu mno, hayamgusi mtu wala wingu.

Bei: za Landsat ni bure kwa mtu yeyote tangu 2008, kabla ya hapo picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola. Sentinel bure. NISAR bure. Gharama imejificha kwingine, NISAR inazalisha terabaiti kama 80 kwa siku moja, hilo bando halipo. Kwahiyo watu hawapakui siku hizi, wanafanyia kazi kulekule data ziliko, kwenye Google Earth Engine ambayo kwa elimu na kazi zisizo za biashara hailipiwi, au Digital Earth Africa ambao wameshaandaa za bara letu, unashusha jibu tu na jibu ni kilobaiti chache.

Na hili la kwamba ni mambo ya maprofesa. Kinachotakiwa kwa mtumiaji wa mapema ni uamuzi anaoufanya mara kwa mara ambao ungekuwa bora kama angejua kitu fulani kwa wakati fulani. "Tunataka data za satelaiti kwa maendeleo ya kilimo" halimsaidii mtu, hilo ni tangazo. "Kila tarehe 15 Februari tunaamua kata zipi za Mpwapwa zipewe mbegu za muda mfupi, tunahitaji kujua wapi mtama umesimama, si zaidi ya siku tano kabla" hilo ni swali, mhandisi wa satelaiti akilisikia anajua akujibu ndiyo au hapana. Anayesimamia maji ya Mtera au Hombolo naye analo la kwake. Kwenye mabwawa kuna SWOT, imerushwa Desemba 2022 na Marekani na Ufaransa, inapima urefu wa uso wa maji kwenye ziwa au bwawa lolote lenye ukubwa kuanzia mita 250 kwa 250, Hombolo inaingia bila shida. Malambo ya kijiji mengi hayaingii, na hilo ni la kusema mapema pia, kabla mtu hajaahidi kijiji kitu.

Basi tuanzie wapi

NISAR imeshapaa, ile hatua ya kabla ya kurushwa imetupita, tusidanganyane. Lakini Ulaya wanaandaa nyingine, kuna ROSE-L ya rada ya mawimbi marefu na LSTM ya kupima joto la ardhi kwa pikseli ndogo, hii ya joto inalenga hasa matumizi ya maji shambani, yaani zabibu za Hombolo na mpunga wa Bahi. Vikao vya watumiaji vinafanyika mtandaoni, matangazo yake yapo wazi. Tanzania ni mwanachama wa kituo cha kikanda cha ramani cha RCMRD pale Nairobi kilichopo tangu 1975, huko pia mafunzo yanatolewa. Tuna UDOM, tuna Chuo cha Mipango, tuna watafiti wa kilimo wa TARI palepale Makutupora na Hombolo, watu wa takwimu wapo mjini hapahapa. Ningependa kumuona mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakaa meza moja na afisa ugani wa kata kabla mradi haujaandikwa, maana huwa tunamwita afisa ugani siku ya uzinduzi, anapiga picha na bango.

Na anayetaka kujifunza peke yake namshauri aanze na mahali ambapo jibu analijua. Mimi ningeanzia Kondoa. Mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi ulianza 1973, mwaka mmoja tu baada ya Landsat ya kwanza kurushwa, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye yale maeneo yaliyokuwa yamechimbika makorongo. Fungua picha za miaka ya 1970, pikseli zake ni kubwa na rangi zake za ajabu, fungua na za sasa, kiangazi kwa kiangazi usichanganye na masika, halafu nenda kaulize wenyeji kwanini kilima hiki kimerudi na kile hakijarudi. Hapo utajifunza kusoma pikseli kuliko kozi yoyote.

Huku ukisubiri satelaiti ijayo kuna kitu ambacho NASA na Ulaya hawana na hawawezi kukipata wakiwa angani, nacho ni daftari. Shamba lipi, limepandwa nini, mbegu gani, tarehe ipi, limepaliliwa lini, limevunwa gunia ngapi. Misimu mitatu ya daftari la namna hiyo kwa mashamba hamsini ya kata moja, ukiingia nalo kwenye kikao cha watumiaji watakusikiliza wewe kabla ya mwenye mada ndefu. Andika na GPS ya kona zote nne za shamba, ingia ndani kidogo usisimame kwenye mpaka wa jirani, usiandike "kwa mzee fulani karibu na mbuyu", andika desimali kama simu inavyokupa. Na usisahau ile alama ya kutoa mbele ya latitudo, tuko kusini mwa ikweta, Dodoma ni -6.17 na 35.74, ukiiacha hiyo alama shamba lako la mtama linahamia Ethiopia, jirani na mji mmoja unaitwa Maji, sio utani, na kompyuta haitakuuliza chochote, itakuletea takwimu za huko vizuri kabisa.